Kichocheo Kipole Kinachotosha: Mwongozo kwa Anayetengeneza Kingamwili kwa Wanyama

Mdunge sungura protini safi iliyoyeyushwa katika maji ya chumvi, kisha subiri mwezi mzima. Ukimpima damu huenda usikute kitu, au ukakuta kingamwili chache zisizotosha hata kipimo kimoja. Mwili wake uliiona protini ile ukaiacha ipite, kwa kuwa hakuna kilichouambia kwamba kuna hatari. Kazi hiyo ya kuushtua mwili ndiyo ya ajuvanti, yaani kichocheo cha kinga: dutu inayochanganywa na antijeni, yaani kile unachotaka kingamwili zikitambue, ili isipuuzwe.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kwenye maabara ya chuo, ya mifugo au ya utafiti, unayehitaji kingamwili za kutambua protini fulani, na ambaye pengine umeambiwa tu “tumia Freund” bila maelezo zaidi. Nakuomba usiifungue chupa ile kabla hujavifikiria vichocheo vingine. Msimamo wangu ni kwamba kichocheo kinachofaa ni kile kilicho kipole zaidi miongoni mwa vinavyotosha, na kwamba maumivu makali ya mnyama si dalili ya kazi nzuri.

Jipu la farasi

Habari hii ilianza na vidonda. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa, alikuwa akiwadunga farasi sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali, ili damu yao itoe dawa ya kuwatibu watoto. Akagundua kwamba farasi walioota jipu mahali pa sindano ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Hakungoja majipu ya bahati. Mwaka 1925 alieleza jinsi alivyochanganya chanjo na vitu vya kuuchokoza mwili kwa makusudi, vikiwemo tapioka na makombo ya mkate, na kingamwili zikapanda. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, Alexander Glenny na wenzake wakaonyesha kwamba sumu hiyo iliyopunguzwa makali, ikigandishwa kwa shabu, huamsha kinga kuliko ikidungwa peke yake. Ndipo mwaka 1937 Jules Freund, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi New York, akaja na mchanganyiko wa mafuta ya madini na bakteria wa kifua kikuu waliouawa. Hadi leo mchanganyiko huo unaitwa kwa jina lake.

Kwa miaka mingi watu walitumia vitu hivi bila kujua vinafanyaje kazi. Glenny aliamini kwamba shabu huishikilia antijeni na kuiachia polepole, kama ghala. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi: panya walioondolewa sehemu iliyodungwa saa chache tu baada ya sindano ya shabu waliendelea kutengeneza kingamwili vilevile. Mwaka 1989 Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale alipendekeza kwamba seli za kwanza za ulinzi zina vipokezi vya kutambua alama za vijidudu, na kwamba pasipo alama hizo kinga haiamki sawasawa. Vipokezi hivyo vikapatikana kweli, na mwaka 2011 Jules Hoffmann, Bruce Beutler na Ralph Steinman wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za upande huo.

Kwako wewe unayeshika sindano, jambo la kukumbuka hapa ni hili: kichocheo huuamsha mwili, lakini hakiuelekezi pa kuangalia. Kila kilichomo ndani ya bomba lako kitaonekana ni adui, kuanzia antijeni yako hadi mabaki ya bakteria uliowatumia kuitengeneza na protini nyingine zilizopenya wakati wa kusafisha.

Angalia antijeni kwanza

Ndiyo maana naanzia hapa badala ya kwenye chupa za vichocheo. Majaribio mengi yanayosemwa yameshindwa kwa sababu ya kichocheo dhaifu, chanzo chake ni antijeni. Ipitishe protini yako kwenye jeli uone ina mistari mingapi. Ukiona mstari mwingine dhaifu pembeni, usiupuuze, kwa sababu uchafu kidogo unaoamsha kinga haraka unaweza kuizidi protini unayoitaka, na kichocheo kikali kitauongezea nguvu uchafu huo pia.

Kama unachotaka kutambua ni kitu kidogo, mfano kipande kifupi cha protini au dawa, kichocheo peke yake hakitakusaidia. Kiunganishe kwanza na protini kubwa ya kukibeba. Inayotumika sana ni hemosayanini, protini inayobeba oksijeni katika damu ya konokono mmoja wa baharini, maana iko mbali sana na protini za sungura au panya. Na kama protini yako inafanana mno na ya mnyama unayemdunga, badili mnyama. Sungura hatatengeneza kwa urahisi kingamwili dhidi ya kitu anachokiona ni chake. Kuku, ambaye ukoo wake ulitengana na wa mamalia zamani mno, mara nyingi atafanya.

Kuhusu kiasi, sungura huhitaji mikrogramu 50 hadi 200 za protini safi kwa sindano, na panya wa maabara mikrogramu 10 hadi 50. Kuongeza zaidi hakuleti kingamwili bora. Kiasi kidogo huziacha seli zishindanie antijeni, na zinazoishika kwa nguvu ndizo zinazosalia.

Jiulize pia kama unamhitaji mnyama kabisa. Kingamwili nyingi zimekwisha kutengenezwa na zinanunuliwa, na siku hizi zipo zinazotokana na mkusanyo wa jeni bila mnyama kudungwa. Mwaka 2020 maabara ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia njia mbadala za majaribio ya wanyama ilipendekeza njia hiyo ifuatwe. Ukiona huna budi kutumia mnyama, pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya sindano ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inayotaka majaribio yawe na leseni. Ndani ya fomu utaulizwa umechagua kichocheo gani na kwa sababu gani. “Ndivyo tunavyofanya siku zote” si jibu.

Shabu, na makosa yake mawili

Kwa protini kubwa iliyo ngeni kwa mnyama, ningeanza na shabu, yaani chumvi za alumini. Zina historia ya karibu miaka 100, zimo katika chanjo za watoto, na zikisababisha uvimbe huwa mdogo unaopungua wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba haziamshi sana ile kinga inayotegemea seli za kuua, lakini kwa anayetafuta kingamwili hilo si tatizo.

Shabu hufanya kazi vizuri antijeni ikiwa imeishikilia. Haidroksidi ya alumini ina chaji chanya katika hali ya kawaida ya mwili, hivyo hushika protini zenye chaji hasi. Fosfeti ya alumini ni kinyume chake. Kosa la kwanza ni kuyeyusha antijeni katika bafa ya fosfeti, ambayo iko kwenye kila meza ya maabara, kisha kuichanganya na haidroksidi. Fosfeti huziba nafasi ambazo protini ingekaa, na antijeni hubaki ikielea. Tumia maji ya chumvi ya kawaida au bafa isiyo na fosfeti, changanya polepole kwa nusu saa hadi saa moja, kisha chukua tone dogo, lizungushe kwenye mashine na upime protini iliyobaki katika maji ya juu. Ikiwa ndogo mno, shabu imeishika. Ni kipimo cha dakika chache, na huokoa miezi ya kungoja bure.

Kosa la pili ni kuigandisha. Shabu ikiganda, chembe zake hushikana zikawa mabonge na hazirudi tena katika hali ya awali, hata ukitikisa namna gani. Iweke kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na ukuta wa nyuma wa jokofu unaotoa barafu. Ukikuta chupa imeganda, itupe.

Freund: lini, na kwa masharti gani

Freund kamili ina mafuta ya madini, kitu cha kuyaunganisha mafuta na maji, na bakteria waliouawa kwa joto. Freund pungufu ni ile ile bila bakteria. Siwezi kukuambia kwamba ile kamili haina nguvu. Inazo, na kwa antijeni ndogo au dhaifu ambayo imekwisha kushindikana kwa njia nyingine, bado ina nafasi yake. Lakini mafuta ya madini hayayeyushwi na mwili. Hubaki pale yalipodungwa, seli za ulinzi huyazunguka, na kinachofuata ni vinundu vigumu ambavyo vikiwa vikubwa hupasuka na kuwa vidonda. Mnyama mwenye kidonda hali vizuri, hukonda, na wakati mwingine inabidi auawe kabla hujapata damu uliyoikusudia.

Ukilazimika kuitumia, itumie mara moja tu, katika sindano ya kwanza. Sindano zote zinazofuata ziwe za Freund pungufu au za kichocheo kingine. Kurudia ile kamili kwa mnyama ambaye mwili wake umekwisha kuwajua bakteria hao ni kumletea mlipuko wa uvimbe ambao hauongezi chochote katika seramu. Bidhaa za madukani hutofautiana kwa wingi wa bakteria, kwa hiyo chagua ile yenye wachache.

Kuna kazi ambazo ile kamili haifai kabisa. Ukitafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa kifua kikuu au jamaa zake, seramu yako itawatambua hata kama antijeni yako haikufanya chochote. Na kwa kuwa baadhi ya protini za bakteria hufanana kutoka jamii moja hadi nyingine, seramu hiyo inaweza kushika pia protini za E. coli, na ukaipima dhidi ya antijeni iliyotengenezwa ndani ya E. coli ukadhani umefaulu. Vilevile usiitumie kwa mbuzi, kondoo au ng'ombe watakaorudi kundini. Siku mkaguzi wa mifugo akija na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, wataonekana wagonjwa.

Kati ya shabu na Freund

Hapa ndipo wengi wangepata wanachokihitaji. Yapo mafuta ya kisasa yanayotengenezwa kwa ajili ya chanjo za mifugo, kama yale ya jamii ya Montanide kutoka Ufaransa, ambayo hutumika katika chanjo za ugonjwa wa miguu na midomo na hudungika kwa urahisi kuliko mafuta mazito ya zamani. Yapo pia ya skwalini, mafuta yanayopatikana kwenye ini la papa, ambayo mwili unaweza kuyavunja na kuyaondoa. Kwa sungura na panya, mchanganyiko wa skwalini na vipande vilivyosafishwa vya ukuta wa bakteria hutoa matokeo mazuri kwa protini nyingi, na uvimbe wake ni mdogo kuliko wa Freund.

Kisha kuna saponini za mti wa Quillaja wa Chile, ambao gome lake hutoa povu kama sabuni. Mnamo miaka ya 1970 Kristian Dalsgaard wa Denmark alizisafisha zikawa bidhaa iitwayo Quil A, na chanjo za mifugo zikazipokea. Msomaji wa Afrika Mashariki anazo karibu kuliko anavyodhani: chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, ina kichocheo chenye saponini ya mti huo huo, na chanjo ya R21 nayo hutegemea saponini. Kwenye maabara, zitumie kwa mikrogramu, chini ya ngozi, kamwe si ndani ya mshipa, kwa sababu hupasua chembe nyekundu za damu.

Farasi nimtaje peke yake, maana ndiye anayetoa sehemu kubwa ya dawa za sumu ya nyoka duniani, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Anayetengeneza dawa dhidi ya sumu ya moma au koboko ana shida mbili kwa pamoja. Sumu yenyewe inaweza kumuua farasi, na farasi ni mwepesi kuota majipu. Kichocheo humsaidia katika ile ya kwanza, kwa kuwa huishikilia sumu isiingie damuni kwa ghafla. Kwa ile ya pili, watafiti wa Thailand walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kiasi kidogo cha sumu, kikigawanywa katika vijisindano vingi kuzunguka shingo, hutoa kingamwili kali na haraka, na majipu hupungua. Wazo hilo la kugawanya lifuate hata kwa mnyama mdogo.

Na kuku? Ningetamani maabara zetu zimtumie zaidi. Hudungwa kwenye msuli wa kifua, huvumilia vichocheo vya mafuta vizuri kuliko sungura, na kingamwili zake huhamia kwenye kiini cha yai, kwa hiyo huhitaji kumtoa damu hata tone. Kiini kimoja kina miligramu 50 hadi 100 za kingamwili, ingawa sehemu ndogo tu ndiyo inayolenga antijeni yako. Ila jua mapema kwamba kingamwili hizo hazishikwi na protini A inayotumika kusafishia za sungura. Utahitaji njia nyingine, na kingamwili ya pili ya kupimia inayotambua za kuku.

Kuchanganya na kudunga

Mchanganyiko wa mafuta usioshikana ni kazi bure. Chukua mabomba mawili ya sindano ya kioo yenye kufungwa kwa kuzungusha, uyaunganishe kwa kiunganishi chake. Mpira wa mabomba ya plastiki huvimba ukikaa kwenye mafuta. Weka mafuta upande mmoja na maji yenye antijeni upande wa pili kwa kiasi sawa, kisha sukuma kwanza maji kuelekea mafuta, uende na kurudi bila haraka huku mabomba yakiwa ya baridi. Kitakuwa kizito na cheupe, na kusukuma kutakuwa kugumu. Dondosha tone moja juu ya maji baridi. Likibaki duara, mchanganyiko uko tayari, likitawanyika, endelea. Antijeni isiwe na dawa za kuyeyushia utando kama zile zinazotumika kupasulia seli, kwani huuvunja mchanganyiko.

Kwa sungura, kila mahali pa sindano chini ya ngozi pasizidi mililita 0.1 ya mchanganyiko wa Freund, na ndani ya ngozi pasizidi 0.05. Tawanya mgongoni, ukiacha nafasi ya kutosha ili vinundu visiungane, na usidunge pale unapomshika unapombeba. Nyayo usiziguse kabisa. Mnyama atasimama juu ya kidonda hicho kila saa ya maisha yake, na hakuna faida ya kingamwili inayohalalisha hilo. Ngozi iwe imenyolewa na kusafishwa, na mchanganyiko wote uwe umeandaliwa kwa usafi wa dawa ya sindano. Majipu mengi yanayolaumiwa kwa kichocheo yameletwa na vijidudu kutoka mezani.

Mtazame kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha angalau mara 2 au 3 kwa wiki. Mpime uzito. Amua kabla ya kuanza ni hali gani itakufanya umwite daktari wa mifugo na ni ipi itakufanya usimamishe, na uiandike pale ambapo mhudumu wa banda ataiona, kwa sababu yeye ndiye atakayeona kwanza.

Sasa mkono wako mwenyewe. Karibu kila mtu mzima Afrika Mashariki amechanjwa BCG au amekutana na bakteria wa kifua kikuu, na mwili wa namna hiyo ukidungwa Freund kamili kwa bahati mbaya unaweza kuvimba vibaya na kwa muda mrefu. Vaa miwani ya kukinga macho, maana kiunganishi kikifyatuka mafuta huruka. Usirudishie kifuniko cha sindano. Mnyama ashikwe na mtu wa pili aliyefundishwa, au apewe dawa ya kumtuliza. Ukijichoma, osha, na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi ya maelezo ya bidhaa, ueleze wazi kwamba kilichoingia ni mafuta yenye bakteria waliouawa. Tundu la nje huwa dogo na linaweza kumdanganya daktari asiyeambiwa.

Damu, na wakati wa kuacha

Kabla ya sindano ya kwanza, toa damu kidogo uihifadhi. Sindano ya pili iwe baada ya wiki 3 hadi 4. Ukiwahi sana, seli zenye kumbukumbu hazijakomaa, na kingamwili utakazopata zitaishika antijeni kilegevu. Damu ya kupima itolewe siku 10 hadi 14 baada ya kila sindano ya kuongezea. Usizidishe asilimia 10 ya damu yote ya mnyama katika wiki 2: sungura wa kilo 3 ana takriban mililita 170, hivyo mililita 15 zinatosha kwa mara moja.

Pima kila seramu kwa ELISA sambamba na ile ya kabla. Ikiwa kiwango hakikupanda tena kati ya sindano mbili mfululizo, umefika juu kabisa kwa antijeni hiyo na mnyama huyo. Kusanya seramu, usiendelee kumdunga. Ikiwa hakikupanda tangu mwanzo, rudi kwenye jeli na kwenye kipimo cha kushikana kwa shabu kabla ya kufikiria kichocheo kikali zaidi.

Gawa seramu katika vichupa vidogo, ugandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na usiiyeyushe na kuigandisha mara kwa mara. Juu ya kila kichupa andika mnyama, tarehe, kichocheo kilichotumika na ni damu ya ngapi. Na kila unapomgawia mwenzako seramu, mpe pamoja nayo kichupa cha damu ya kabla ya mnyama yuleyule, ili mstari wowote atakaouona kwenye kipimo chake aweze kujua kama ulikuwepo kabla ya sindano ya kwanza.